Jembe la Upenuni

Januari 8, 1956. Jumapili.

Toka Mbeya mpaka Iringa hakuna mtu mweusi anayekijua Kiingereza kama mimi Tadeo, na hata Wazungu wanaonikaribia ni wa kuhesabu. Kiingereza chenyewe kinaniogopa. Nikifungua mdomo maneno yanajipanga foleni, kila moja limevua kofia. Darasa la tano niliacha katikati kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha. Kisha nikakaa Mbeya kwa Bwana mmoja, Mzungu wa Idara ya Barabara, mimi nikiwa msimamizi wa maji yote ya bustani, na haikutokea siku Bwana akanirudia neno mara mbili.

Sasa nimekuja kupumzika huku vilimani Iringa, kwa Mjomba Filemoni, kaka yake marehemu mama. Nimeanza kuandika siku zangu kwa kuwa Bwana wa Mbeya naye aliandika zake kila jioni barazani. Watu wakubwa ndivyo tulivyo.

Januari 9.

Mvua.

Januari 12. Alhamisi.

Mvua imekatika asubuhi, nikaona niwaonyeshe wenyeji kwamba msomi naye analima. Nje ya nyumba, chini ya upenu, kuna jembe jipya limeegemezwa ukutani. Nikalishika. Mama Lea, mke wa Mjomba, alipiga ukelele utadhani nimeshika nyoka.

"Liache, Tadeo! Hilo si la kulima!"

Kumbe ni jembe la posa. Limeletwa na watu wa ng'ambo ya mto kwa ajili ya kijana wao Yotamu, anamtaka binamu yangu Lea. Nilikuwa nimesahau mambo ya huku. Jembe likiingizwa ndani, basi, binti amekwisha kutolewa. Likirudishwa lilikotoka, ndiyo hapana yenyewe, hakuna haja ya maneno. Mjomba hakulifanya hili wala lile. Amelisimamisha pale pale mshenga alipoliweka.

"Lisiingie, lisirudi," aliniambia akinoa kisu chake cha kugemea. "Lea ana mtihani mwezi wa nne, wa shule ya kati ya wasichana kule misheni. Akichukuliwa, nitalirudisha kwa mkono wangu. Asipochukuliwa nitaliingiza. Yotamu ni mtoto wa watu wema, siwezi kumwambia hapana halafu nimwonyeshe nini? Binti aliyekaa tu?"

Lea mwenyewe alikuwa anapita na kibuyu. Binamu kwetu ni mtani, hana simile.

"Kamwene, binamu! Tumesikia Mbeya wamekufukuza kwa kumwagilia maua huku umesinzia."

"Niko likizo."

"Likizo ya kuja na sanduku, blanketi na sufuria?"

Ana mdomo kama wembe. Nikamwacha, mtoto huyo.

Januari 20. Ijumaa.

Leo nimepewa cheo. Mwalimu Anania wa shule ya hapa amewaita wasichana wanaofanya mtihani. Bibi Mkaguzi wa shule za wasichana, Mzungu, ana desturi yake: kila msichana anapewa neno moja la Kiingereza mapema, aende nalo nyumbani, na siku ya mtihani asimame mbele aeleze yote anayoyajua juu ya neno hilo. Mwalimu kakatazwa kuwasaidia. Neno la Lea ni *tap*.

Jioni Mjomba akaniita mbele ya mkewe. "Tadeo, hapa nyumbani Kiingereza kiko kwako tu. Mimi kazi yangu ni milanzi na pombe yake. Huyu dada yako nakukabidhi."

Nikakohoa kidogo kama hakimu. "Tap? Neno hilo nimelilea mimi mwenyewe, Mjomba."

Na ni kweli. Kila asubuhi Bwana wa Mbeya alinipigia kelele dirishani, "Tadeo, the tap!" nami nikikimbia kulifunga bomba la bustani.

Februari 3. Ijumaa.

Somo. Huku vilimani hakuna bomba hata la dawa, ikabidi nianze mbali. Nikamweleza Lea kwamba ni chuma kimechomoza ardhini, kina sikio, ukikisokota sikio kinatema maji, ukilirudisha kinanyamaza.

"Maji hayo yanatoka wapi?"

"Serikalini."

"Kwa hiyo mtu anafungua mto na kuufunga kama mlango?"

"Kama mlango."

Akautazama mtungi wa mama yake. Kila siku Lea anashuka nao mtoni mara tatu, na njia ile ikilowa ni utelezi mtupu. "Siku ya kwanza shuleni," akasema, "kabla sijala, kabla sijaonyeshwa kitanda, nitakwenda kulisokota sikio hilo. Nitalifungua na kulifunga mpaka waniambie basi."

Nikamwambia watamfukuza kama... Sikumaliza. Alikuwa amekwisha kuanza kucheka.

Februari 10. Ijumaa.

Lea kaja na habari za kuniudhi. Mwalimu Anania amewaambia kwamba maneno yote yana maana zaidi ya moja, wazitafute zote.

"Hizo nyingine za tap ni zipi, binamu?"

Hapo nilikuwa nimeketi kizingitini, Mama Lea ananusa ugoro wake, na ngazi ya Mjomba iko mbele yangu imeegemea ghala. Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Nakupa moja moja, kama dawa. Ya pili ni ngazi."

"Ngazi?"

"Ngazi ya kupandia. Andika."

Akaandika. Halafu: "Na nyingine?"

Mama Lea akapiga chafya ya ugoro, moja ya kutingisha paa.

"Hiyo," nikasema.

"Ipi?"

"Hiyo ya mama. Kupiga chafya. Tena ukifika hapo usiseme tu, onyesha kwa vitendo. Wazungu wanapenda vitendo."

Ameondoka anafurahi, ana maana tatu. Wenzake, anasema, wengi wana moja. Nami nalala vizuri. Nani atauliza?

Februari 11.

Mvua. Sikulala vizuri sana, paa linavuja.

Februari 24. Ijumaa.

Nimekwenda na Mjomba na Lea kwenye milanzi. Nataka niandike namna wanavyofanya, ili Bwana wa Mbeya akitokea siku moja nimwelezee. Chipukizi la mlanzi linakatwa ncha, chini yake inafungwa mbeta, kile kikopo cha mwanzi, maji yake yanadondokea humo. Asubuhi na jioni lazima urudi ukate tena kipande chembamba, kama karatasi, ili jeraha lisizibe. Maji mapya ni matamu, watoto wanakunywa. Yakilala yanakuwa ulanzi wenyewe wa kupindua wazee.

Mjomba anamwachia Lea machipukizi ya upande wa bonde. Mkono wake mwepesi sana, kisu kinapita utadhani hakijagusa, na tone linafuata.

Nikasema nami nipeni. "Unajua?" Mjomba akauliza. "Mbeya tulikuwa na milanzi kuliko hii," nikajibu, nikakata. Kipande kilitoka kinene kama kidole gumba. Lea akaziba mdomo kwa kiganja.

Machi 1.

Lile chipukizi langu limekauka. Mjomba hakusema kitu. Mbeta yake kaiacha inaning'inia pale, tupu, kila mpita njia anaiona.

Machi 2.

Leo amesema. Alikuwa anakaza kamba, hata hakunitazama. "Ungesema hujui, ningekuonyesha. Si ilikuwa neno moja tu?"

Nikacheka, nikasema upepo ndio ulionisukuma mkono. Hapakuwa na upepo.

Machi 9.

Mvua asubuhi, mvua mchana. Lea anajisomea jikoni kwa sauti, namsikia mpaka huku. Bomba, ngazi, chafya. Halafu anapiga chafya ya uongo, mama yake anamwambia, "Ishi, mwanangu." Wanacheka wote wawili.

Nimetoka nje kidogo.

Machi 17. Jumamosi.

Yotamu kapita kwenda mnadani na ng'ombe wa baba yake. Nilikuwa nimemwandalia matani kwa sababu ana meno ya mbele marefu, lakini aliposimama mbele ya jembe lake yakaniishia. Mvua za upepo zimekuwa zikilipiga pale upenuni, limeanza kutu. Akachuma jani, akaomba mafuta kidogo kwa Mama Lea, akalifuta taratibu pande zote mbili, akalirudisha kama lilivyokuwa.

"Hujambo, Mwalimu," akaniambia.

"Sijambo, bwana harusi wa upenuni."

Hakukasirika. "Nasikia unamfundisha. Mfundishe vizuri, bwana. Akipita apite, nitatafuta kwingine. Sitaki kukaa na mtu anayetazama barabara kila siku."

Nilidhani ni mjinga. Hata sasa nataka kuandika kwamba ni mjinga.

Machi 23.

Lea kaniuliza tena, "Binamu, una hakika na ngazi?" Nikamjibu, "Nani kati yetu alikaa Mbeya?" Akasema, "Samahani." Lea! Samahani! Tangu nimjue huyo mtoto hajawahi kuniomba radhi hata kwa kunimwagia maji.

Aprili 1. Pasaka.

Tumeimba. Mvua imetuachia mpaka mchana.

Aprili 9. Jumatatu.

Kesho mtihani. Nilitumwa Iringa mjini kumnunulia Lea kalamu na wino, nimetoka alfajiri, nimerudi jua linazama, kwa msaada wa lori la mbao.

Nikakuta Mjomba kachinja jogoo. Jogoo yule mwekundu, ambaye hata Krismasi walimpita. Majirani wameitwa. Tukaketi, kapu la ugali katikati, na Mjomba akachukua firigisi kwa mkono wake. Kila mtu anajua firigisi ni ya nani: ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba amemweka juu yake. Mimi kwa umri wangu huwa ninapewa shingo. Mjomba akaniwekea mbele ya wazee wote.

"Hii ni ya mwalimu wa nyumba yangu," akasema. "Mimi nimempa mwanangu kisu tu. Huyu kampa maneno."

Wazee wakaitikia. Lea alikuwa mlangoni ameshika taa; akasogea, hakutania, akanipigia goti kabisa kama mbele ya bwana harusi.

Firigisi ilikuwa nzuri. Mjini hakukuwa na jipya.

Aprili 10. Jumanne.

Niandike polepole.

Bibi Mkaguzi alifika na gari lililojaa matope hadi madirishani. Mrefu, mwembamba, Kiswahili chake cha vitabuni lakini si mtu wa ukali. Wasichana walikaa mbele, wazazi nyuma ya darasa, sisi wengine tukajazana dirishani. Mjomba alivaa koti. Sikujua kama ana koti.

Wawili wa kwanza walisema moja moja, kwa kunong'ona, wakaketi. Alipoitwa Lea akasimama kama askari. Sauti yake ilitoka wazi, hata watu wa nje wakaacha kuongea.

"Tap ni bomba la maji."

"Vema," akasema Bibi. "Vema sana. Umepata kuliona?"

"Bado. Nitaliona." Akavuta pumzi. "Tap ni ngazi ya kupandia."

Bibi akainua uso. Mwalimu Anania akainamisha wake.

"Na tap ni kupiga chafya." Akaweka mkono kifuani, akarudisha kichwa nyuma kama nilivyomwelekeza, akapiga chafya yake. Kubwa. Ya vitendo.

Kwanza walicheka wasichana, halafu dirisha zima, halafu hata wazazi. Nami nikacheka. Ukiwa katikati ya watu wanaocheka, uso ulionyamaza ndio unaotazamwa. Nilicheka na kumpiga mwenzangu bega. Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa anageuka huku na huku, kama mtu anayetafuta ni nani kafanya kosa ili amsaidie.

Bibi akanyamazisha watu, kwa hasira hasa, akamgeukia Lea kwa upole. "Usiogope, mwanangu. Njiani nimeona vikopo vimefungwa kwenye mianzi. Baba yako hufanya kazi gani?"

"Hugema ulanzi."

"Nawe humsaidia?"

"Ndiyo. Upande wa bonde."

"Na hiyo kugema, kwa Kiingereza?"

Lea akaangalia mikono yake. Bibi akasubiri, mpaka akasema mwenyewe, taratibu: tap. Halafu akagonga meza kwa kidole, ko, ko, akasema hiyo nayo ni tap. Kumbe! Neno lilikuwa mkononi mwa Lea msimu mzima, asubuhi na jioni, kwenye ncha ya kisu. Nani angejua?

Baada ya hapo Lea hakujibu swali lolote la mtihani. Bibi alimpa hesabu, zile zile Lea anazomfanyia baba yake kichwani kila jioni anapogawa ulanzi, akatazama ubao tu. Akapewa kitabu asome Kiswahili. Kimya.

Mwalimu Anania akauliza, "Lea, mambo ya ngazi na chafya nani alikufundisha?"

Nilishika ukingo wa dirisha.

"Nimejitungia," akasema. Hakutazama dirishani hata kidogo.

Aprili 11.

Mvua.

Aprili 12.

Mvua. Hakuna anayenilaumu. Mama Lea kanipakulia chakula kama kawaida, tena kaniuliza kama kimetosha.

Aprili 15. Jumapili.

Majina yamesomwa baada ya ibada. La Lea halimo.

Tulirudi nyumbani. Mjomba alivua koti, akalikunja, akampa mkewe. Akatoka nje akalishika jembe. Kutu ilikuwa imerudi, akaifuta kwa kiganja, akasimama nalo mlangoni kidogo, halafu akainama kwa sababu mlango ni mfupi, akaingia nalo. Nilisikia linawekwa chini mahali fulani karibu na kitanda.

Lea alikuwa anafunga kamba ya mbeta uani. Hakugeuka. Baadaye akaja nilipokuwa nimekaa.

"Binamu, yule Bibi ni wa nchi gani?"

"Uingereza, nadhani."

"Na Bwana wako wa Mbeya?"

"Sijui. Pengine Skotlandi."

"Ndiyo hivyo," akasema, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilifikiri labda kwao wanasema tofauti. Bwana wako ngazi anaiita tap, huyu Bibi haiiti. Hukunidanganya. Ni Wazungu tu hawapatani."

Nikasema ndiyo. Hawapatani.

Aprili 21. Jumamosi.

Milanzi imeanza kukauka, machipukizi yamekomaa. Yotamu kaja na watu wake, wamepokewa vizuri, wameketi na adabu zao. Hakuna mtu mbaya hapo. Lea kawapelekea ulanzi wa mwisho, akaonja kwanza mbele yao kama inavyotakiwa, akawapa. Hanitanii tena, na si kwamba ana hasira. Ananiita Mwalimu.

Nimejaribu kuandika juu ya mambo mengine. Nimejaribu kuandika kwamba Bwana wa Mbeya alinifukuza kwa kusahau bomba wazi hata kitalu cha waridi kikasombwa na maji, na kwamba kwake nilikuwa wa kubeba ndoo tu. Hilo ni kweli, lakini halikumdhuru mtu ila maua. Nimejaribu kuandika kwamba ngazi na chafya ulikuwa utani wa mtoto asiyejua, na kwamba asiyejua anasameheka. Mjomba angesamehe. Angeniachia mbeta tupu inaning'inia, basi.

Lakini tarehe tisa niliandika mjini hakukuwa na jipya.

Mjini, baada ya kununua wino, niliingia duka la vitabu kukimbia mvua. Juu ya meza palikuwa na kamusi nene ya Kiingereza kwa Kiswahili. Nikaifungua kwa majivuno tu, ili muuzaji aone. Nikaitafuta tap. Bomba ilikuwepo, nikatabasamu. Chini yake kugonga taratibu kwa kidole. Chini yake kugema, kutoa maji ya mti kwa kukata. Ngazi haikuwepo. Chafya haikuwepo. Nikasoma tena mpaka muuzaji akaniambia hapa si maktaba.

Juu ya lori la mbao, njia nzima, nilikuwa napanga. Nitamwita Lea uani. Nitasema, binamu, futa mbili, andika mbili. Nitasema, nilikuwa sijui. Jua lilikuwa bado halijazama na usiku mzima ulikuwa mbele yetu, na Lea ni mtu wa kushika jambo kwa kuambiwa mara moja. Nilishuka pale njia panda neno liko mdomoni.

Ndipo nikakuta jogoo amechinjwa na wazee wameketi. Mjomba akaniwekea firigisi, akasema yale aliyoyasema, na Lea akapiga goti na taa mkononi, karibu nami kiasi kwamba ningeweza kumnong'oneza.

Nilikuwa najua. Nikaitafuna.